Mrija wa Pembe

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipita kando ya soko la Kilombero wakati vijana wakibabua makongoro juu ya moto, na harufu ile ya kwato zinazoungua ikanisimamisha na kapu langu la nyanya kana kwamba nimeitwa jina. Wengine harufu hiyo huwakumbusha supu. Mimi hunikumbusha kiko cha Babu, pamoja na uongo mmoja ambao sijawahi kuukanusha.

Kiko chenyewe kilitengenezwa hapa hapa Arusha, kwa jiwe jeupe lililochimbwa Sinya, upande wa Longido, karibu na mpaka wa Kenya. Wajerumani huliita jiwe hilo povu la bahari, ingawa hilo la kwetu lilitoka katika vumbi la Umasaini. Babu alikinunua kabla ya Uhuru, na moshi wa miaka yote hiyo ukakigeuza kutoka weupe wa chaki hadi rangi ya asali. Chapa ya tembo ilikuwa bado inaonekana. Mrija wake ulikuwa mweusi, wa ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, na penye kuumwa palikuwa na vishimo viwili vya meno yake, kimoja juu na kingine chini, ambavyo utotoni nilizoea kuvipapasa kwa ukucha.

Usiku wa kuanua matanga, Baba Mdogo alikiwasha, akavuta mara chache, akakiweka dirishani. Nikakichukua ili nikisafishe. Kiko hakifunguliwi kikiwa na moto, na onyo hilo Babu alikuwa amelirudia mbele yangu mara zisizohesabika. Nilizungusha mrija, ukalia tak, ulimi wake, ile ncha inayochomekwa katika kiko, ukabaki ndani ya shingo ya kiko, na kabla sijafungua kinywa Mama alikwisha kutoa hukumu kutoka jikoni: shemeji kila anachokigusa kinavunjika. Baba Mdogo alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Hakujitetea. Mama akamwamuru alipe gharama ya fundi, naye akalipa.

Fundi nilimpata mtaa wa Unga Limited, mzee mwenye mashine ya kukereza, ambaye siku zote alikereza bushi za magari.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Hili ni jiwe au mfupa?”

Nilimweleza kwamba ni jiwe, tena laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha, na kwamba nguvu kidogo ingeweza kulipasua. Akakilaza kiko usiku kucha katika friza ya muuza soda jirani, kwa kuwa mpira hunywea kwa baridi kuliko jiwe. Asubuhi alipasha moto kidogo ncha ya skrubu, akaiingiza polepole katika tundu la hewa la kile kipande kilichokwama, akangoja ipoe, akaivuta bila kuipinda. Kipande kikatoka kama jino la mtoto, kikiwa na lami nyeusi.

Kisha akauliza swali ambalo ningali nalo. Je, achomeke pini ya naironi katika mrija wa zamani, urudi ulivyokuwa, au atengeneze mpya? Nilisema mpya. Nilijiambia kwamba ule wa zamani ulikwisha kuchakaa; nadhani ukweli ni kwamba sikutaka kuuona tena.

Akaangua pembe ya ng'ombe iliyokuwa ikining'inia ukutani, akakata ncha, kwa sababu huko chini pembe ina uwazi na ni nchani tu ndipo ilipojaa. Akaitoboa kutoka upande mmoja, akaigeuza, akaitoboa kutoka upande wa pili, na matundu mawili yakakutana katikati, alipuliza, akatabasamu. Mashine ilipoanza kuikereza, karakana nzima ikajaa harufu hiyo hiyo ya makongoro. Ulimi ulikuwa kazi ya subira: ukizidi unene, shingo ya kiko inapasuka, ukipungua, mrija unadondoka. Alipunguza kiasi cha unywele, akajaribu, akatikisa kichwa, akapunguza tena. Nilihesabu majaribio kumi na moja. La kumi na mbili liliingia kwa ukaidi kidogo, likakaa, na mzee akanikabidhi kiko kwa mikono miwili kama anayetoa mtoto.

Ulikuwa mrija mzuri, wa rangi ya chai ya rangi, laini kote. Baba Mdogo aliupokea, akauweka kinywani bila tumbaku, akauzungusha huku na huku kama anayetafuta mahali pa kuketi.

“Fundi anajua kazi,” alisema. “Ule wa zamani uko wapi?”

Nilimwambia nimeuacha kwa fundi, katika boksi la vyakavu. Akaitikia kwa kichwa tu. Wiki iliyofuata nilirudi Unga Limited kuutafuta, nikakuta boksi limekwisha kumwagwa.

Kiko kiko kabatini kwa Mama. Kila wageni wanapokiulizia, huwasimulia jinsi shemeji yake alivyokivunja. Baba Mdogo hucheka pamoja nao, nami hukusanya sahani, hata zile ambazo bado zina chakula, nikazipeleka jikoni.