Sabuni zangu za mwani na kibubu

Mie mwalimu wa skuli huku Jambiani, Zanzibar, jioni ndo natengeneza sabuni za mwani, mwaka wa 5 sasa. Mwani umeanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani 1989 na mama yangu kalima miaka mingi, nimemuona anavorudi na gunia kichwani mgongo unamuuma halafu ukiuzwa mkavu bei ni ya chini mno, na ile kottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kidogo, maji yakizidi joto inakufa. Ndo nikasema nisage unga nitie kwenye sabuni.

Mwanzo nilikuwa na haraka. Sabuni hii ya mafuta ya nazi na kostiki soda inataka wiki 4 mpaka 6 ikauke, mie natoa wiki ya pili tu, shoga yangu akanijia mikono inamuwasha, wallahi nililia. Siku hizi kila trei naandika tarehe kwa kalamu, haijafika haitoki hata mtu aje na pesa mkononi.

Jengine ni kibubu. Kipande kikiuzwa kwanza natoa pesa ya nazi, kostiki na karatasi za kufungia natia kibubuni, ndo nijue faida iko au haiko. Chakula cha nyumbani kinatoka kwenye mshahara. Na mkopo sitoi tena, hoteli moja ilichukua vipande 80 ikanizungusha miezi, ningekuwa sina kibubu ningefunga.

Sasa hivi trei 3 ziko juu ya kabati, zinanukia karafuu nyumba nzima.