Kubarizi kwanza, kitabu baadaye

Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kusoma kitandani saa 5 usiku. Ukurasa wa tatu usingizi umeshanibeba, kesho yake narudia ukurasa uleule, na wiki ikiisha kitabu kimegeuka deni. Nililaumu uchovu, kumbe kichwa kilikuwa bado kimejaa hesabu za ofisini.

Siku hizi nikifika nyumbani nakaa barazani dakika 15 hadi 20 bila kufanya lolote. Simu inabaki chumbani kwenye chaja. Ikiwa mfukoni, hata ikinyamaza, mkono utaitafuta tu. Dakika 5 za mwanzo ndizo ngumu, maana mambo ya kazi yanakuja kwa foleni. Kila moja naliandika kwenye karatasi kwa maneno matatu na kuliacha hapo. Nikianza kulitatua, nimerudi kazini. Baada ya hapo masikio yanafunguka: jirani anakuna nazi, watoto wanagombania mpira. Huko ndiko kubarizi, na ni starehe kamili yenyewe. Jioni nyingine kitabu hakifunguliwi kabisa, nami sioni hasara.

Kikifunguliwa, nahesabu kurasa, sihesabu dakika. Anayetega saa husoma huku akiichungulia. Kurasa 10 za riwaya hunichukua kama dakika 20, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 kinakwisha kwa jioni 16. Vinene navihifadhi kwa ajili ya likizo. Mashairi yana utaratibu wake: shairi moja linatosha, tena kwa sauti. Tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani (silabi) 16 kwa mshororo, ukiipitisha machoni tu, ile pumzi ya katikati, baada ya mizani 8, inapotea, na vina havigongani sikioni.

Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, basi taa ya kuchaji iwe tayari, nyuma ya bega, ili mwanga uangukie karatasi bila kuchoma macho. Kwenye basi la mwendokasi nasoma nikiwa nimekaa tu. Ukisimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unakipinda kitabu mpaka mgongo unaachia. Asubuhi pale Kimara huwa naacha basi moja au mawili yapite ili nipate kiti.

Kurasa 40 zisiponishika, naacha bila kujilaumu. Ndiyo maana napenda kuazima Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed: kitabu cha kuazima hakikuumi kukirudisha nusu, cha kununua unakivumilia kwa sababu ya pesa yako.

Mwisho wa mwezi, hesabu zikifungwa, siku tatu nne sisomi hata mstari. Barazani nakaa vilevile, walau dakika 10.