Droo ya ofisini

Baba alituacha na miaka 51. Moyo. Alikuwa anafunga kamba za viatu asubuhi aende kazini, akadondoka, basi. Halafu kaka yangu naye kufika 44 akawekewa stenti, vile vibomba vidogo vya kuacha mshipa wa moyo wazi, mishipa miwili ilikuwa imeziba, na ndo hapo mama akaanza kunipigia simu kila jioni kuniuliza kifua hakinibani. Hakinibani mama. Mi nilikuwa na miaka 39 najiona mzima kabisa, uchovu tu, na uchovu nani hana.

Nikaenda kupima ili mama apate usingizi. Presha 148/94, ile kolesteroli mbaya, LDL, 4.2, zote juu. Dokta alikuwa mmama mmoja mtaratibu sana, akaniuliza baba alipata na umri gani, akaandika, akauliza na kaka je, akaandika. Akanieleza kwamba baba au ndugu yako wa kiume akiugua moyo kabla ya 55, au mama au dada kabla ya 65, wao hawaiti bahati mbaya, wanaiweka kwenye faili kama historia ya familia. Presha akasema hawaamini kipimo cha siku moja, nikapime nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni, na wakati huohuo siku tatu niandike kila kinachoingia mdomoni.

Nikaandika, tena kwa maringo. Asubuhi uji wa oti na ndizi. Mchana saladi na kuku asiye na ngozi. Usiku samaki, mboga, wali kidogo. Na sikudanganya hata mstari mmoja, hicho ndo nilichokuwa nakula mezani.

Narudi kwake, akaisoma karatasi kama mwalimu anasahihisha mtihani, kimya, kisha akaweka kidole katikati. "Mchana saa saba, usiku saa tatu. Hapa kati masaa nane unafanya nini?"

"Kazi, dokta."

"Bila kula?"

Nikataka kusema ndio. Yaani mdomo ulishafunguka kabisa, ndo nikaikumbuka droo.

Jamani hiyo droo. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini nikaifungua kama mgeni, tambi za kikombe nne, biskuti za siagi, nyama kavu ya pakiti, karanga za chumvi zilizomwagika mpaka chini ya mafaili. Vyote nilikuwa navila nimesimama, simu begani, au natembea kwenda kwenye mkutano, na kichwani kwangu chakula ni kile unachokikalia chini, hivi vingine ni kama kupumua tu, nani anaandika kwamba leo amepumua.

Nikachukua kikombe kimoja cha tambi nisome lebo, maandishi madogo ikabidi nipige picha na simu nivute. Sodiamu miligramu 1,640. Nikafurahi, si hata gramu mbili! Kumbe hiyo ni sodiamu, si chumvi, unazidisha kwa 2.5 ndo unapata chumvi yenyewe, gramu 4.1. Na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, kile kijiko kimoja cha chai. Siku za kuchelewa nilikuwa nakula vikombe viwili na supu yake nakunywa yote. Usiku nikapima hizo gramu 4.1 kwenye mizani ya jikoni, nikazimimina kiganjani nikazitazama muda mrefu, halafu nikalamba kidogo sijui kwa nini.

Lakini droo nisiisingizie kila kitu, dokta alishanipa ukweli wangu, LDL nyingine ni urithi wa baba, nipunguze siagi na nyama za pakiti ndio, ila vidonge tutaviongelea.

Sikuanza mapishi ya ajabu, muda huo sina. Jumapili nachemsha maharagwe sufuria kubwa bila chumvi, nagawa kwenye vikopo, naweka frizi, chumvi yenyewe natia chembe tu wakati wa kula, ndimu inasaidia. Kwenye droo nikaweka karanga zisizo na chumvi, machungwa, na kijiko. Na sheria moja tu, situmbukizi kitu mdomoni nimesimama.

Kaka nilimwambia hiyo sheria akacheka mpaka akakohoa. Wiki ya tatu, saa kumi jioni, siku ambayo mteja amenivuruga tangu asubuhi, simu ikaita niko koridoni na nusu ya biskuti ya mtu mwingine mkononi.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Nimekaa kaka," nikamjibu mdomo umejaa, huku natafuta kiti.