Mtu Mzima Nyuma ya Mstari

Michezo ya kulenga shabaha kwa vijana hutegemea zaidi watu wazima wanaojitolea kuliko inavyotegemea silaha, pinde au viwanja, na watu hao ndio wanaosahauliwa medali zinapogawiwa. Ninaandika haya nikiwa Tabora, ambako mpira wa miguu umeteka nyoyo za vijana kuanzia viwanja vya mtaani hadi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na ambako kijana akionekana na silaha mkononi, wengi wetu tunawaza ujangili kabla ya kuwaza mchezo. Hofu hiyo ina msingi. Katika misitu ya miombo ya mkoa wetu gobole limekuwa silaha ya kificho kwa muda mrefu: hutengenezwa na mafundi wa vijijini, hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na mara nyingi halina kibali. Wapo vijana waliojifunza kulifyatua porini bila mtu wa kuwaambia ni wakati gani wasifyatue.

Kwa sababu hiyo nimevutiwa sana na namna Wamarekani walivyoliingiza jambo hili katika malezi. Vilabu vya vijana viitwavyo 4-H, ambavyo historia yake hurejeshwa jimbo la Ohio mwaka 1902, vilianzia kwa watoto wa wakulima, na sheria ya mwaka 1914 ikaviunganisha na huduma za ugani za vyuo vikuu, kazi inayokaribiana na ya maafisa ugani wanaomtembelea mkulima wa tumbaku kule Urambo. Watoto walioanza kwa kushindanisha mahindi wamepata warithi ambao, pamoja na kilimo na ufugaji, wanaweza kujifunza upinde, bunduki ya upepo, bunduki ya marisau, na hata bunduki ya kushindilia baruti, ambayo mtu wa Sikonge angeitambua mara moja kuwa ni gobole. Katika majimbo mengi mtoto huruhusiwa kuanza akiwa na umri wa miaka 8, kwa aina za silaha zinazolingana na umri wake. Anayemfundisha ni mzazi, fundi, mwalimu au mstaafu asiyelipwa mshahara, na haruhusiwi kusimama mbele ya watoto kwa sababu tu ana shabaha nzuri. Kwanza huchunguzwa mwenendo wake, kisha hupitia mafunzo ya aina ile ya silaha anayotaka kuifundisha. Mimi naona hapo ndipo penye hekima ya mpango mzima.

Asidhani mtu kwamba huu ni mchezo wa watu wazima ulioazimwa kwa watoto. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Paris, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya bunduki ya upepo ya mita 10 akiwa na umri wa miaka 16, katika shindano ambalo alama ya kumi ni kidoto chenye upana wa nusu milimita. Na hapa jirani, Shehzana Anwar, mpiga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Sisi tunaofundisha watoto kulenga shabaha hapa Tabora hatukuanza na bunduki, wala sioni sababu ya kuanza nayo. Upinde unatosha, na wazee wanaojua kuuchonga bado tunao. Mmoja wao, mrina asali, ndiye aliyetuchongea pinde za kwanza. Mishale yetu ina manyoya ya kuku, na shabaha ni magunia yaliyoshindiliwa nyasi kavu, yakiegemezwa kwenye tuta la udongo katika uwanja wa shule. Hakuna mshale unaotoka hapo kwenda nyumbani. Pinde na mishale yote huhesabiwa na kufungiwa stoo, maana hatutaki kijana yeyote akutwe na upinde porini akaanza kujieleza kwa askari wa wanyamapori.

Utaratibu wetu ni ule unaotumika katika mchezo huu duniani. Kipenga kikilia mara mbili, wapigaji husogea mstarini. Kikilia mara moja, huanza kurusha. Kikilia mara tatu, huweka pinde chini na kwenda kuchukua mishale. Kikilia mara tano au zaidi, kila mtu husimamisha kila kitu, hata kama amekwisha kuvuta upote, yaani kamba ya upinde, hadi kidevuni. Kung'oa mshale nako kuna adabu yake: kiganja kimoja hukandamiza gunia kando ya mshale, mkono mwingine huushika karibu kabisa na gunia na kuuvuta moja kwa moja, baada ya mtoto kugeuka na kuhakikisha kwamba hakuna mwenzake nyuma, kwa sababu mkia wa mshale unaochomoka ghafla unaweza kumpofua mtu. Nimemwona mrina asali akimrudisha mtoto mmoja kurudia kitendo hicho tena na tena, kwa upole, bila kupandisha sauti.

Mama mmoja alikuja akiwa amekasirika, khanga imefungwa kiunoni. "Mwalimu, huyu mwanangu mnamfundisha kuumiza watu?" Mzee yule mrina asali akamjibu badala yangu: "Mama, karibu kiti. Kaa nasi mpaka saa nne, halafu utuambie tunafundisha nini." Alikaa. Aliona watoto wa jirani wakisubiri zamu bila kusukumana, akaona kijana mkubwa akitolewa mstarini kwa kuelekeza upinde pembeni huku akicheka. Siku hizi kipenga anakishika yeye, na hakuna anayekiheshimu kuliko watoto wake mwenyewe.

Ugumu wetu uko kwenye msimu. Mvua zikianza, wanaojitolea huenda shambani, na hakuna wa kuwalaumu, kwani tumbaku na mahindi ndiyo ada na chakula cha nyumba. Hata hivyo tumekubaliana kwamba pasipokuwa na watu wazima wawili, mmoja mstarini na mmoja nyuma akiwaangalia wanaosubiri, hakuna upinde unaofungwa upote. Imewahi kutokea watoto wakatembea kutoka mbali wakamkuta mtu mzima mmoja tu, wakarudia kanuni kwa mdomo na kurudi kwao. Walinung'unika, na ninawaelewa, lakini kanuni inayolegezwa siku watoto wamechoka haitakuwapo siku ya hatari.

Sasa wazazi wanaomba tupokee wadogo wa miaka 8 na 9. Ningependa sana tuwapokee, kwa kuwa mikono yao bado haijazoea makosa. Tumewajibu kwamba kila mtoto mdogo atakayeandikishwa aje na mtu mzima wa kwao, baba, mama, shangazi au babu, atakayekubali kujifunza kanuni pamoja naye na kusimama zamu. Waliokubali mpaka sasa ni mabibi wawili, na mafunzo yao yanaanza Jumamosi ijayo.