Mengzi na Xunzi, nani alimjua binadamu?
Wanafalsafa hawa wa China ya kale walipishana bana, mtu anazaliwa mwema au mbaya. Mengzi, karne ya 4 KK, anasema mtu anazaliwa na chipukizi la wema, ukiona katoto kanakaribia kutumbukia kisimani moyo unashtuka hapohapo, hujawaza sifa wala kujipendekeza kwa wazazi wake. Xunzi akaja baadaye akasema wapi, asili ya mtu mbaya, ni kama mti uliopinda, mpaka upigwe mvuke na kubanwa ndo unyooke, yaani elimu na taratibu za adabu.

Mi nipo na Xunzi, ila sasa huyo mwalimu wa kwanza alinyooshwa na nani? Xunzi anajibu eti wenye hekima wa kale walijijenga kwa juhudi zao, mmh. Halafu wanafunzi wake Han Feizi na Li Si wakahamia kwenye sheria kali na adhabu, Li Si akamtumikia mfalme wa Qin aliyeunganisha China 221 KK.