Inchi 20 kutoka jichoni hadi kwenye sindano

Zipu iligoma katikati ya mgongo. Mwenye gauni alikuwa dada wa bibi harusi, siku ilikuwa Ijumaa jioni, harusi kesho yake, na mimi nimesimama nyuma yake navuta zipu kama mtu anayevuta ngalawa mchangani. Nikamwomba ashushe pumzi. Akashusha. Wapi! Nikafungua daftari la vipimo nimwoneshe kwamba kanenepa yeye.

"Kifua 36," nikasoma.

Binti ninayemfundisha kazi akachungulia. "Mama, hiyo si sita. Ni nane."

Nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimeshindwa kusoma mwandiko wangu. Tulikesha tunafumua ubavuni na kuingiza vipande vya kitenge vilivyobaki. Gauni likaenda harusini, na watu wakadhani vile vipande ndiyo mtindo. Lakini mimi nilijua.

Nilikuwa na miaka 46, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa nimelaumu kila kitu isipokuwa macho. Nililaumu uzi kwamba unachambuka. Nililaumu sindano, eti za siku hizi wanazitoboa tundu dogo. Nililaumu taa, nikahamishia cherehani barazani, na kweli kule nje niliona afadhali, nikajipongeza kwamba tatizo nimelipata. Ramadhani nikisoma, msahafu nilikuwa nausogeza mbali hadi mkono unanyooka wote, na mume wangu ananitania kwamba nikiendelea hivyo nitaufikisha kwa jirani. Kutunga uzi nilishamwachia yule binti. "Nitungie mwanangu," mara ishirini kwa siku, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Na mabaibui nilianza kuyakataa kijanja. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, saa kumi na mbili jioni, hapa Ngamiani, Tanga, ambako nusu ya wateja wangu wanashonesha baibui! Nilikuwa nafukuza riziki kwa mkono wangu, na sababu nikisema kazi zimejaa.

Baada ya aibu ya lile gauni nilikwenda kwa kijana mmoja anayeuza miwani kwenye ubao karibu na kituo cha daladala. Akaniuliza umri, akanipa kipande cha gazeti, akanivalisha moja, ya pili, ya tatu. Ile ya tatu herufi zilisimama kama zimechorwa kwa wino mpya. Ilikuwa na kibandiko cha namba, +2.50. Nikatoa shilingi 5,000, nikarudi dukani kama malkia.

Kwenye cherehani mambo yakawa mengine. Nikikaa sawasawa, sindano ina ukungu. Nikiinama, inaonekana vizuri sana, ila pua iko karibu na mguu wa cherehani. Wiki nzima nilishona kama kuku anayedonoa, shingo imekaza, na nikiinua kichwa kumtazama mteja dunia inayumba. Siku ya sita nilishuka ngazi ya baraza nayo usoni, mguu ukatua pasipo na ngazi, nikaangukia mikono. Nikaitupa kwenye droo na vifungo visivyo na wenzake, nikatangaza kwamba miwani hainifai.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku kwamba nguo ya dukani haiujui mwili wako. Halafu nikaenda kununua macho yaliyoshonwa tayari.

Hatimaye nilikwenda hospitali ya Bombo, kwenye kitengo cha macho. Mtaalamu aliyenipokea hakuanza na herufi za ukutani. Alianza na swali: mama, unafanya kazi gani? Nikamwambia. Akauliza, kutoka jichoni hadi kwenye sindano ni umbali gani? Nikabaki mdomo wazi. Miaka 22 napima viuno vya watu, sijawahi kupima hapo. Akanipima nguvu ya macho, akachungulia ndani na kupima presha ya macho, akisema hiyo ikipanda mara nyingi haiumi, inakula macho kimyakimya, na muuza miwani wa barabarani hawezi kuiona. Kisha akaniambia nirudi kesho na kipimo, na nije na sindano na uzi.

Nyumbani nikakaa kwenye cherehani kama kawaida yangu, binti akashika futi pembeni ya jicho langu. Inchi 20. Meza ya kukatia, nikiwa nimesimama, 26.

Mtaalamu akanipigia hesabu ambayo sijaisahau. Kwa mtu ambaye mbali anaona vizuri, chukua sentimita 100, gawanya kwa namba ya miwani. 100 kwa 2.5 ni 40, karibu inchi 16. Kupita hapo, ukungu. Sindano yangu iko inchi 20, kwa hiyo ile miwani haikuwa mbovu, ilikuwa ya mtu anayeshika gazeti karibu na uso. Akanivalisha fremu nzito ya chuma ambayo vioo vinachomekwa na kuchomolewa, akanipa nafasi nitunge uzi kwa umbali wangu. Kwenye +1.75 uzi ukapita mara ya kwanza. Sikumbuki mara ya mwisho uzi ulinipita hivyo. Nilicheka peke yangu, na yeye akacheka.

Nilimuuliza lile linalosemwa mtaani, kwamba ukishavaa miwani, macho yanazoea na kulegea. Alinijibu kwa lugha yangu. Lenzi iliyo ndani ya jicho ni kama lastiki ya sketi: ujanani inajibana na kuachia ili uone karibu, na kuanzia miaka ya 40 hivi inakakamaa. Sketi uivae usiivae, lastiki inazeeka. Akanionya kabisa kwamba baada ya miaka michache namba itapanda. Na ile siri ya barazani ilikuwa mwanga tu: jua likiwa kali mboni inajibana, picha inakaza kidogo. Macho yalikuwa yaleyale.

Kuizoea miwani yangu mpya kulichukua kama mwezi, na ugumu haukuwa kwenye kuona. Ulikuwa kwenye joto la Tanga. Jasho linateremka, miwani inateremka nalo, na mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Nikaishonea lastiki nyembamba nyuma, ikapita chini ya mtandio, ikatulia. Lakini mikono ya miwani juu ya masikio chini ya mtandio uliobana inauma. Sasa navaa mtandio kwanza, miwani juu. Pasi ikitoa mvuke vioo vinapofuka, nasubiri. Mwanzoni nilikuwa nafutia kanga niliyovaa, yenye vumbi la vitambaa, nikavikwaruza ndani ya wiki mbili. Sasa ni maji, sabuni kidogo, na kipande cha fulana kuukuu ya pamba.

Nilijiwekea sharti: kabla mguu haujanyanyuka, miwani inashuka. Nikisimama kwenda kukata, inaning'inia kifuani. Kwanza nilikuwa naisukuma tu hadi ncha ya pua na kumtazama mteja kwa juu, mpaka mama mmoja akaniuliza kwa nini namkodolea macho kama ana deni langu. Watoto wa mtaa waliokuwa wakiniita mama wakaanza "shikamoo bibi". Hilo liliniuma zaidi ya shingo, sitadanganya. Nikazoea.

Faida ambayo sikuitarajia ni simu. Ujumbe wa pesa ukiingia nilikuwa nampa mwanangu anisomee, kwa hiyo kila shilingi yangu alikuwa anaijua kabla yangu, na maombi ya vocha hayakuisha. Sasa salio nalisoma mwenyewe.

Kulikuwa na gauni la kitenge nililolitundika mlangoni, sampuli ya kuvutia wateja, karibu mwaka mzima. Asubuhi moja nilipita nalo karibu, miwani usoni, nikasimama. Mshono wa shingo umepinda. Pindo limekwenda kama njia ya konokono, na kwapani uzi wa kahawia umeingia kwenye nyekundu. Watu wangapi wamelitazama wakapita bila kuniambia? Nikalishusha, nikakaa nalo kwenye cherehani, nikaanza kulifumua. Binti akaniuliza anitungie uzi. Nikamwambia alete chai.