Ng'ombe wa Bibi

Leo nimeshinda Tororo kwa bibi, tukimenya karanga chini ya mwembe. Jumamosi ijayo wanakuja watu kuzungumza mahari ya binti wa dada yangu, na nyumba nzima inanong'ona idadi ya ng'ombe. Bibi hakunong'ona. Aliuliza tu, "Na hao ng'ombe watamwoza nani?"

Swali hilo lina miaka sabini. Bibi aliolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ng'ombe sita walioletwa kwao hawakumaliza hata mwezi zizini; kaka yake aliwaswaga hadi kwa wakwe zake, naye akaoa. Mume alipoanza kumpiga, bibi alikimbilia kwao usiku, mtoto mgongoni. Baba yake alimfungulia, akampa maji na mkeka, na kulipokucha akamrudisha mwenyewe. Zamani nilimchukia sana mzee yule. Siku hizi namwelewa, na kumwelewa kunaniumiza zaidi. Kumpokea binti kulimaanisha kurudisha ng'ombe, na ng'ombe walikuwa zizini kwa watu wengine. Ili wapatikane, ndoa ya mwanawe ingevunjwa. Ndoa mbili zilikuwa zimefungwa kwa kamba moja, na kigingi kilikuwa bibi. Alikimbia mara tatu. Mara ya tatu hakupewa hata mkeka.

Tukisimulia safari ya wanawake wa Uganda, huanza na wale sita walioingia Makerere mwaka 1945, tukafika kwa Specioza Wandira Kazibwe, Makamu wa Rais kuanzia 1994 hadi 2003, kisha katiba ya 1995 iliyotenga kiti cha mbunge mwanamke kwa kila wilaya. Nawaheshimu wote, bila wao nisingesoma. Lakini nikiwa na bibi, mwaka ninaoukumbuka ni 2015. Mwaka huo Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku, na sisi bado tunaipokea. Kilichokatwa ni ile kamba.

Imekatwa mahakamani, niseme hivyo. Vijijini bado nasikia wazee wakimwambia msichana aliyerudi nyumbani, "Vitu vya watu tumeshakula."

Nilimweleza bibi habari za hukumu hiyo. Vidole vyake viliendelea kumenya.

"Umesema mwaka gani?"

"2015, bibi."

Akahesabu kimya. "Kaka yangu alikuwa ameshazikwa. Mkewe naye."

Nilikosa la kumjibu. Akapepeta karanga, maganda yakaruka na upepo, kisha akanitazama. "Mwambie huyo mtoto. Mwambie kabla hawajaja, asije akayasikia akiwa na mtoto mgongoni."

Nimempigia jioni hii. Yuko zamu ya usiku hospitalini, wodi ya wazazi, akasema atanipigia asubuhi akitoka.